Kiburi Huonekana Kwanza Kwenye Daftari la Hesabu

Watu wengi hudhani kiburi cha mchungaji huonekana mimbarini: sauti ikipanda, suti zikibadilika, mifano ya mahubiri ikianza kumhusu yeye kuliko Yesu. Mimi nimeshika hazina ya kanisa kwa miaka mingi, na naamini huonekana mapema zaidi, tena mahali ambapo washirika wengi hawafiki. Huonekana kwenye daftari la hesabu. Siku mchungaji anapoacha kuleta risiti, na haoni haja ya kueleza kwa nini hakuleta, kuna kitu kimeshaingia moyoni mwake, hata kama mahubiri ya Jumapili hiyo yaliwatoa watu machozi.

Niseme mimi ni nani, ili anayesoma ajue nasemea wapi. Kazi yangu ni ukarani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Kwetu ni Rabai. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Anglikana, mtu wa baiskeli na Biblia, na jioni ya Jumapili alirudi nyumbani na orodha ya sadaka ameiandika nyuma ya karatasi ya kalenda: shilingi, senti, mayai, na kuku kama alikuwapo kuku. Alinifunza nikiwa mtoto kwamba sadaka haihesabiwi na mtu mmoja, na haihesabiwi mlango ukiwa umefungwa. Nilipoolewa nikahamia Kisauni, nikajiunga na kanisa moja la kiroho ambalo sitalitaja, kwa sababu waliomo bado ni ndugu zangu na aliyeliongoza yu hai.

Nianze na mema yake, maana ni mengi na ni ya kweli. Tulianza chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye nguzo za boriti. Jumapili asubuhi mchungaji ndiye aliyefika wa kwanza, na fagio mkononi. Viti vya plastiki alivipanga mwenyewe. Alijua mtoto wa nani ana homa, nani kaachishwa kibarua, nani anafukuzwa na mwenye nyumba. Mume wa dada mmoja alifariki wakati wa masika, na tulipofika makaburini tukakuta shimo limejaa maji. Mchungaji alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kaburini pamoja na vijana kuteka maji kwa ndoo ili ndugu yetu azikwe kwa heshima. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu yule nilimpenda, na nampenda hadi leo.

Na risiti alileta. Hata ya kalamu. Hata nauli ya matatu ya kwenda Coast General kumwona mgonjwa aliiandika kwenye kikaratasi, tarehe na kiasi, akanikabidhi.

Kisha kanisa likakua. Kwanza kilikuja kiti. Akina mama walichanga wakanunua kiti kikubwa chenye mito myekundu, na nia yao ilikuwa njema kabisa, kwa kuwa mchungaji alikuwa akisumbuliwa na mgongo. Halafu kiti kikapandishwa jukwaani. Halafu pembeni yake kikawekwa cha mama mchungaji. Kijana mmoja akapewa kazi ya kubeba Biblia ya mchungaji kutoka garini hadi mimbarini, mwingine akabeba maji na kitambaa cha jasho. Ikatangazwa kwamba anayetaka kumwona mchungaji apitie kwa katibu na aeleze shida yake kwenye fomu. Akaja mgeni kutoka nje ya nchi akamsimika uaskofu, na tangu hapo aliyejisahau akamwita “mchungaji” alisahihishwa palepale na wahudumu. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Hakuna hata moja ambayo mtu mwenye adabu angesimama kuipinga.

Anayeishi Mombasa anajua jinsi chumvi ya bahari inavyokula mabati. Huanzia kwenye tundu la msumari, pale maji yanapotuama kidogo tu, na ukija kuiona kutu ukiwa barabarani paa limeshakwisha. Kwetu tundu la msumari lilikuwa risiti. Mwanzo zilichelewa. Baadaye zikaja nusu. Baadaye akawa anamtuma dereva aje achukue pesa, na dereva utamuuliza nini? Nilipouliza, nikajibiwa na mtu wa tatu kwamba mtumishi wa Mungu hatoi hesabu kwa binadamu.

Mwaka 2019, serikali ilipoagiza makasha ya mizigo yapandishwe reli ya SGR kwenda Nairobi, mji huu uliumia. Madereva wa malori, makarani wa kampuni ndogo, akina mama wa vibanda vya chakula kule Changamwe na Jomvu, wote waliguswa, na wengi wao ndio walioketi kwenye viti vyetu vya plastiki. Sadaka zilishuka, nilizihesabu kwa mikono yangu. Mwaka huohuo ndipo Jumapili ya kumshukuru askofu ilipofanywa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kila kikundi kilikuja na bahasha, na jina la kikundi na kiasi chake vikasomwa kwa kipaza sauti. Kikundi cha wajane kilisomwa cha mwisho, kwa kuwa orodha ilipangwa kuanzia kiasi kikubwa.

Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa ajili ya korona, sadaka zikawa za simu. Nambari iliyotangazwa kwa washirika ilikuwa ya askofu mwenyewe, na kanisa lilikuwa na nambari yake ya kupokelea malipo, yenye watu watatu wa kuidhinisha. Nilimpigia, nikamweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Dada, kazi yako ni kuhesabu ninachokuletea.”

Hadi leo siwezi kusema aliiba hata shilingi, na sisemi. Nasema jambo lingine, ambalo kwangu ni zito kuliko wizi. Mwizi anajua kwamba hesabu ipo, ndiyo maana anaificha. Mwenye kiburi hufika mahali haoni tena kwamba kuna hesabu ya kutolewa. Ukimuuliza, anakushangaa kwa dhati. Anaumia. Anaona umemkosea, na anaweza kwenda kukuombea usiku kucha akiamini wewe ndiye mgonjwa.

Tulikuwa tumechangia kiwanja. Akina mama wa soko la Kongowea walileta pesa ambazo ukizishika mikono inabaki na harufu ya vitunguu. Siku makanisa yaliporuhusiwa kukutana tena, kwenye kikao cha washirika, akasimama mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, mtu wa maneno machache. Akasema, “Baba askofu, naomba tu kujua, hati ya kiwanja imeandikwa kwa jina la nani?”

Hakuongeza neno. Ukumbi ulinyamaza, kisha kiongozi wa sifa akaanzisha wimbo na kikao kikaishia kwenye wimbo.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa Kora. Hesabu 16: watu walioinuka kinyume cha Musa, ardhi ikafunua kinywa chake ikawameza pamoja na nyumba zao. Jina la mzee halikutajwa, lakini shingo zote zilijua pa kugeukia. Baada ya hapo watu wakaacha kumsalimia. Wajukuu wake wakatolewa kwenye kwaya ya watoto. Mbuzi wake alipokufa, kuna waliosema, “Umeona?” Na yeye aliendelea kuja, akikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, Biblia mapajani.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Alinikaribisha barazani, mkewe akaleta chai ya tangawizi na mahamri, na tukazungumza habari za watoto kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha akanipa Biblia yake yenye herufi kubwa. “Nisomee, mwanangu. Ile ile ya Kora.” Nikasoma. Nilipofika mstari wa 15 akainua mkono. “Hapo. Rudia hapo.” Nikarudia maneno ya Musa mbele za Mungu: “mimi sikutwaa punda mmoja kwao, wala sikumdhuru mtu awaye yote miongoni mwao.”

Akaniuliza, “Musa alitaja punda bila kulazimishwa?”

“Alitaja mwenyewe, baba.”

“Na mimi nimeuliza habari za punda tu,” akasema. “Sikutaka kiti chake.”

Tangu siku hiyo sura ile siisomi kama zamani. Ndiyo sura inayotumiwa zaidi kuwanyamazisha washirika, na ndani yake aliyeshtakiwa anafungua daftari. Tena kabla ya hapo, mstari wa 4 unasema Musa aliposikia maneno ya Kora alianguka kifudifudi. Hakupanda juu zaidi. Samweli naye alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote, katika 1 Samweli 12, akawauliza: nilitwaa ng'ombe wa nani, nilitwaa punda wa nani? Akawaruhusu wamjibu. Na Paulo alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu hakuusafirisha peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba aliwaweka ndugu wengine pamoja naye, wanaoaminiwa na makanisa, ili mtu asije akapata neno la kuwalaumu. Mtume! Aliyemwona Bwana njiani, na bado alitaka watu wa kumshuhudia kwa habari ya pesa. Nashindwa kuelewa mtumishi wa leo ana utakatifu gani ambao Paulo hakuwa nao.

Mwishowe nilikataa kutia sahihi hesabu za mwaka ambazo sikuwa na risiti zake. Nikapumzishwa. Baadaye mtu alikwenda ofisi ya ardhi kuangalia rekodi, ikajulikana kwamba kiwanja kiliandikwa kwa jina la askofu na mkewe, na kanisa likagawanyika vipande viwili, kisha vitatu. Nimelifikiria sana jambo lile la hati. Siamini kwamba alikaa usiku akapanga kutudhulumu. Nadhani alikuwa ameshafika mahali ambapo hakuona tofauti. Kanisa lilikuwa yeye. Kuandika kwa jina la kanisa na kuandika kwa jina lake kulikuwa kitu kimoja.

Watu huniuliza kwa nini washirika hunyamaza. Sababu ya kwanza ni mstari, na mstari huo ni Zaburi 105:15: “Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu.” Nimeusikia ukitumiwa juu ya mwenye kuuliza bei ya jenereta. Lakini rudi nyuma mistari michache uone ni nani wanaozungumziwa. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, “watu wachache na wageni”, wakitanga-tanga kutoka taifa hata taifa bila ardhi wala jeshi, na wanaokemewa ni wafalme. Mungu anawalinda wanyonge dhidi ya wakubwa. Leo tumempa mkubwa mstari huo aujengee ukuta, na mama wa Kongowea ndiye anayeambiwa asiguse. Tena, kama kumuuliza kiongozi ni kumgusa mpakwa mafuta, basi Nathani alimgusa Daudi alipomwambia “Wewe ndiwe mtu huyo”, na Paulo alimgusa Petro kule Antiokia aliposhindana naye uso kwa uso, mbele ya watu.

Sababu ya pili ni ya huku kwetu Pwani na haisemwi wazi. Tunaishi na majirani Waislamu, vizuri kabisa wakati mwingi, na Wakristo wengi wanaogopa kuliaibisha kanisa mbele yao. “Tusianike nguo zetu nje.” Hoja hiyo imefunika mengi. Jirani yangu, bibi Mwislamu ambaye ni kama mama kwangu, alijua habari za kiwanja kabla ya nusu ya washirika. Aliniambia, bila dharau yoyote, “Mwanangu, hata kwetu yapo, imamu asiyeulizwa huharibika.” Aibu haikuwa siri. Tuliokuwa hatuijui ni sisi tuliokuwa ndani.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe, na hapa nazungumza na washirika wenzangu kwa uchungu. Tunapenda kuwa na mtu mkubwa. Mtu aliyedharauliwa kazini wiki nzima, akikemewa na mwenye lori na askari wa kanjo, Jumapili anataka kuona mmoja wa kwake akiheshimiwa, na heshima ya askofu inakuwa kama yake. Naielewa hamu hiyo. Lakini inamla yule tunayempandisha. Tunamnyima watu wa kumwambia ukweli, kisha tunashangaa akipotea.

Baba alinieleza mapema kwamba hili halikuanza jana, wala halikuanza na makanisa ya kiroho. Ukitoka Kisauni kwenda mjini unapita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town. Mji ule ulianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, ukapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania biashara hiyo ikomeshwe, na kengele ilikuwa ya kuwaonya kwamba wauza watumwa wanakuja. Ni historia tunayojivunia, na tuna haki. Lakini miaka michache tu baadaye, msimamizi wa mji huo, J. R. Streeter, mtu wa misheni, alilalamikiwa kwa kuwachapa viboko watu haohao waliookolewa. Mwaka 1881 wakubwa wa Kiingereza wakafanya uchunguzi, na Streeter akaondoka. Fikiria mtu aliyetolewa kwenye pingu, akabatizwa, akafunzwa kuomba, kisha akachapwa na Mkristo mwenzake anayeamini anamtengeneza kwa ajili ya Mungu. Kengele ya kuwaonya juu ya adui wa nje ilikuwapo. Juu ya aliye ndani, ilibidi watu walie hadi wasikike nje ya kanisa.

Na kuna Shakahola. Siwezi kuandika juu ya jambo hili nikiwa Pwani na kuiruka. Kuanzia Aprili 2023 tuliona kwenye runinga miili ikifukuliwa msituni Kilifi, siku baada ya siku, hadi ikapita 400, watoto wengi miongoni mwao. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, alifikishwa mahakamani, baadhi ya kesi zake hapa Mombasa, na aliyakana mashtaka. Hayo ni ya mahakama. Sisemi kwamba kila mchungaji mwenye kiti kikubwa yuko njia moja na msitu ule. Ninachosema ni kwamba hakuna anayefika kumfuata mtu hadi kaburini kwa siku moja. Kabla ya hapo lazima kuwe na Jumapili nyingi ambazo neno la mtu mmoja halikuulizwa, na kuuliza kukaitwa dhambi. Jumapili hizo makanisa mengi yaliyo salama kabisa yanazo.

Baada ya Shakahola Rais Ruto aliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na mjadala wa kuyawekea makanisa sheria mpya ukapamba moto. Maaskofu wengi wakasema serikali isiingilie madhabahu. Mimi siiogopi sheria ya hesabu. Mwenye risiti anaogopa nini? Ila nakumbusha kwamba makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, na sheria hiyo tangu zamani inataka mkutano mkuu angalau mara moja kila mwaka, wanachama wote waalikwe, na hesabu ya pesa zilizoingia na kutoka itolewe mbele yao. Muulize mshirika wa kawaida wa Kisauni, Likoni au Mikindani lini mara ya mwisho aliona hesabu hiyo. Kama ile iliyopo haifuatwi kwa sababu hakuna anayethubutu kuuliza, mpya nayo itawekwa kabatini.

Mfalme ninayemkumbuka zaidi katika habari hizi ni Uzia, wa 2 Mambo ya Nyakati 26. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala 52. Alijenga minara, akachimba visima, alipenda ukulima. Maandiko yanasema “alisaidiwa ajabu”. Halafu: “alipokuwa na nguvu, moyo wake ulitukuka”. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake. Wengi huhubiri ukoma uliomtoka kwenye paji la uso. Mimi huwaangalia makuhani. Azaria aliingia nyuma yake na makuhani 80, watu mashujaa, wakamzuia mfalme aliyeshika chetezo mkononi, tena mfalme aliyekuwa mwema kwa miaka na miaka. Walikuwa na kila sababu ya kumwacha: amelijenga taifa, ni uvumba tu, leo si siku ya kuleta fujo. Wakamwambia toka. Sijui kama tungepata makuhani 80 wa namna hiyo katika Mombasa yote. Tungepata wa kumshikia chetezo.

Kuna methali watu hupenda kuitumia kwa viongozi kama hawa: aliye juu mngoje chini. Kwa mchungaji siipendi. Sitaki kumngoja chini, kwa sababu haanguki peke yake, anaangukia watu. Dada yule aliyezikiwa mumewe kwenye maji ya masika haingii tena kanisa lolote. Vijana waliobeba Biblia na kitambaa, mmoja sasa ni dereva wa bodaboda na ukimtajia mambo ya Mungu anageuza uso. Hao ndio walioumia kuliko kiwanja.

Na aliumia yeye mwenyewe. Nimekutana naye mara kadhaa mjini tangu mambo yale. Bado ana kundi, dogo, na bado ana wa kumbebea. Mara moja alikuwa peke yake kwenye foleni ya benki pale Moi Avenue, tukasalimiana, akaniuliza habari za mwanangu wa pili kwa jina, na kama kifua kimepona. Alikumbuka. Nilitoka pale nikiwa na huzuni kubwa, kwa sababu mchungaji bado yumo ndani ya mtu yule, na kwa miaka yote ile waliomzunguka walimwambia kila kitu isipokuwa kwamba tunamhitaji huyo. Anayeabudiwa haombewi. Haambiwi “baba, leo umekosea”, haambiwi “baba, umechoka, lala”. Ugonjwa wake anauficha, ndoa ikiyumba anaificha, imani ikiyumba anaificha zaidi.

Kwa hiyo nikisisitiza mambo ya risiti watu wasidhani namtafuta mwizi. Nakataa kumwacha mtu wa Mungu peke yake na pesa, na sifa, na nafsi yake. Hiyo kwangu ni huduma kwa mchungaji, sawa na kumpikia.

Sasa nashiriki kanisa dogo upande wa Mtopanga. Sadaka inahesabiwa na watu watatu wa nyumba tofauti, mlango wazi, na kiasi kinaandikwa ubaoni kabla watu hawajatawanyika. Kiwanja kiko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa na nakala ya hati imewekwa kwenye fremu ofisini. Mtoto akitaka kuisoma anaisoma. Mchungaji wetu ni kijana, anahubiri vizuri, na watu wameanza kumletea zawadi. Kanisa likikua, majaribu yale yale yatamfikia, na tumemwambia hivyo ana kwa ana, wazee na mimi, mkewe akiwapo. Hakufurahi sana. Alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza tungependa aanze wapi.

Mzee yule wa Hesabu 16 alifariki kabla hajaona haya. Mjukuu wake mmoja, kati ya wale waliotolewa kwenye kwaya, yuko nasi na anapiga kinanda.

Mkutano wetu mkuu wa mwaka uko mwezi ujao. Taarifa ya hesabu nimeshaibandika mlangoni ili watu waje wakiwa wameisoma, na tayari vijana wawili wamenijia na swali kuhusu mafuta ya jenereta, kwamba yanaonekana mengi kuliko siku ambazo umeme ulipotea. Ni swali zuri. Nimewaambia wasiniulize mimi pembeni, waliulize pale mbele ya wote, na mchungaji mwenyewe ameomba liwekwe kwenye ajenda, kwa sababu jenereta ile huwashwa kwake pia wakati wa kesha na anataka kulieleza kwa mdomo wake.